Msimamizi wa Ndoa na Kempa Yake

Sikumpenda, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Tangu azikwe, watu wetu wa Louisville wakimtaja hutikisa kichwa na kusema alikuwa mtu mkubwa sana. Mkubwa alikuwa. Hata nzi ni mkubwa akiwa ndani ya chai yako.

Tulimwita Msimamizi. Kwa asiyeijua desturi hii: kwa Wakristo wa mashariki ya Kongo, bwana na bibi harusi hawasimami peke yao kanisani. Husimamiwa na mume na mke waliowatangulia katika ndoa, na kazi ya hao wawili haiishi picha zikishapigwa. Wao ndio wazazi wa ile ndoa. Mkigombana mnakwenda kwao kwanza, kabla ya mchungaji na kabla ya ndugu. Mke akitoka nyumbani kwa hasira, kwao ndiko anakokimbilia, na mume haruhusiwi kumfuata huko na kumkokota. Atakuja kwa adabu, ataketi, atasikiliza, kisha ataomba. Mimi ni Mtanzania wa Kigoma na kwetu tuna mambo yetu, lakini nilipoolewa na Mkongomani pale Louisville niliipokea desturi ya watu wa mume wangu, na pamoja nayo nikampokea Msimamizi na mkewe. Mji ule hakuna aliyesimamia ndoa nyingi kama yeye. Alikuwa amefika mapema, alikuwa na suti, na alikuwa anaipenda sana kazi hiyo.

Alipostaafu kiwandani alinunua kempa, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Aliwaiga Wazungu aliofanya nao kazi, ambao wakistaafu hununua magari hayo wakaenda na wake zao kutazama maziwa na milima na kusalimia wajukuu. Ya kwake ilikuwa kuukuu, yenye rangi ya maziwa yaliyoungua na mstari wa kahawia ubavuni. Lakini yeye hakwenda kutazama milima. Alikwenda kutazama ndoa. Wakati huo wengi wetu aliotusimamia tulikuwa tumeshatawanyika kufuata kazi na shule. Wengine walikuwa Columbus, na sisi tulikuwa Buffalo, kwa sababu mume wangu alipata kazi katika kiwanda cha Tonawanda na tukapanga nyumba Kenmore. Nilidhani tumeshafika mbali naye. Kila Julai alitoka Louisville na mkewe, akapita Columbus, akaishia kwetu, kisha akarudi kwa njia ileile.

Hakupiga simu kabla. Tuliisikia kempa ikiguguma mtaani, kisha binti yangu Neema akatangaza kwa Kiingereza, bila furaha yoyote, kwamba wageni wa ndoa wamefika. Msimamizi alishuka amevaa koti la suti katika joto lile, akavuta waya mrefu wa umeme, akaupitisha kwenye dirisha la jiko langu na kuuchomeka. Hakuuliza. Mjane wa Kizungu wa nyumba ya pili alitoka mara moja kuuliza kama jambo hilo linaruhusiwa, naye akamwinamia na kumsalimu kwa Kifaransa mpaka mama wa watu akarudi ndani.

"Bon," alisema akishaingia sebuleni, huku macho yake yakipita juu ya kichwa changu na kutambaa ukutani. "Munaikala namna gani hapa? Sikukuya kula. Nilikuya kuangalia."

Na alikula. Alikula sombe, yaani kisamvu, na samaki na ugali, akaomba tena, na huku anakula akawa anaangalia. Alifungua friji yangu. Alitazama viatu mlangoni kujua ni vya nani. Aliuliza nani anaendesha gari lipi, na kwa nini mama atoke asubuhi na baba atoke jioni, mnaonana saa ngapi. Mwaka mmoja picha yetu ya harusi nilikuwa nimeihamishia koridoni, kwa sababu ukuta wa sebuleni ulikuwa unavuja. Akaitungua, akaibana kwapani, akazunguka nayo nyumba nzima akiongea mambo mengine, mpaka mume wangu alipokwenda kutafuta nyundo.

Baada ya chakula ndipo kilipokuja kikao. Kilifanyika ndani ya kempa, kwenye meza ndogo ya kukunja, mapazia yamefungwa. Mume aliingia kwanza, kisha mke peke yake. Mama Msimamizi alikaa ukingoni mwa kitanda akichambua maharage au akikunja nguo, hasemi kitu. Msimamizi aliuliza yote. Aliuliza mnasali pamoja, mnalala pamoja, nani alianza kununa na nani alimaliza. Sheria ilikuwa kwamba mlichosema pale kinabaki pale, na katika mwaka wa kwanza na wa pili niliamini hivyo.

Alikuwa na neno lake alilolileta kutoka kiwandani: "Ndoa haina off." Alimaanisha kwamba kazini mtu hupewa siku yake ya kupumzika, ila katika ndoa siku hiyo haipo. Alilisema kwa wanaume na kwa wanawake, lakini kwa wanaume alilisema akicheka. Mimi aliniambia bila kucheka. Halafu alipenda kuongeza, "Nyinyi ba-Tanzania, Kiswahili yenu iko muzuri, lakini roho yenu iko nguvu." Alimaanisha ngumu, lakini nililichukua kuwa sifa, na nikamwambia hivyo, naye hakupendezwa.

Sasa niseme kilichonitoa kwake kabisa. Alikuwa na mtindo wa kufundisha kwa mifano. Angekaa kwetu akasema, "Kuko nyumba moja, sitataja jina, bwana anasoma sana, bibi analala na batoto mu chumba ingine." Hakutaja jina, lakini katika nyumba zake zote ni moja tu iliyokuwa na bwana anayesoma, nayo ilikuwa Columbus, kule karibu na chuo kikuu ambako wanafunzi wengi wa Kiafrika hupanga. Nilicheka moyoni kama mjinga. Sikujiuliza kwamba akirudi Columbus, huko nako atahitaji mfano.

Majira ya baridi ya mwaka huo mke wa yule mwanafunzi alinipigia simu. Ni mwanamke wa Bukavu, mpole, tulijuana kwenye harusi za watu. Tukazungumza habari za theluji na za watoto, kisha akashusha sauti akasema, "Dada, pole. Tulisikia mimba ilitoka." Mimba ile sikuwa nimemwambia hata mama yangu mzazi. Nilikuwa nimeisema mahali pamoja tu, kwenye ile meza ya kukunja, kwa sababu niliulizwa kwa nini nimenyamaza kitandani. Niliumia kuliko siku mimba yenyewe ilipotoka, maana siku ile nililia peke yangu, na sasa nilikuwa nimeliliwa na watu nisiowaalika.

Julai iliyofuata nilimwambia usoni. Hakushtuka hata kidogo.

"Kama sisemi, bengine batajifunza wapi?" alisema. "Donc, mimi njo nabeba. Ni muzigo yangu."

"Ni wangu, Papa," nikasema. "Wewe uliuokota tu."

Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Tangu hapo kikaoni nilimjibu Msimamizi kwamba yote ni salama, Papa, Mungu ni mwema, mpaka akachoka mwenyewe.

Wapo wanaosema nilimchukia kwa sababu sikuona upande wake wa pili. Niliuona, na ndiyo uliokuwa unaniudhi zaidi. Mtu huyu aliyewahubiria wake za watu wavumilie, mwenyewe hakuweza kuvumilia taa nyekundu. Alipiga honi kana kwamba taa itamwogopa. Na mtu huyuhuyu aliosha vyombo. Kweli. Ndani ya kempa alikunja mikono ya shati, akaosha sufuria na sahani, akazifuta, na hakukubali mkewe aguse. Shati zake alizipiga pasi mwenyewe. Wanaume aliotoka kuwagombeza walimchungulia dirishani wakitabasamu kwa siri. Neema alipozaliwa, bado tukiwa Louisville, mume wangu alikuwa zamu na simu yake imezimwa. Msimamizi ndiye aliyenipeleka hospitali, na kutwa nzima alisimama koridoni na suti yake, akikataa kiti, mpaka nesi akadhani ni mchungaji aliyekuja kwa ajili ya mtu anayekufa. Nikilikumbuka hilo hukasirika. Kumchukia kungekuwa rahisi kama asingesimama pale.

Mkewe sikumhesabu. Miaka yote hiyo nilimwona kama sehemu ya gari. Alishuka baada yake, akatembea nyuma yake, akaketi kiti cha mbele akiwa na mkoba mapajani, na wakiondoka alinipungia mkono bila kutabasamu. Kwa kweli nilikuwa na hasira naye pia. Alikuwepo pale kitandani nilipoieleza ile mimba. Aliyasikia maneno yangu, na alikuwa ndani ya gari hilohilo yaliposafirishwa.

Kiangazi cha mwaka 2016 alishuka kutoka kwenye kempa akiwa na kiatu mguu mmoja, na mguu wa pili amevaa ndala ya kiume. Mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Kuosha miguu ya watu ndio mkate wangu. Alipopita karibu yangu nilisikia harufu ninayoijua. Nikamwambia aje anisaidie kitu bafuni, nikafunga mlango, nikamketisha, nikavua soksi. Chini ya kidole chake kidogo palikuwa na kidonda kilichochimbika, kingo zake nyeupe, na wekundu umepanda mpaka juu ya unyayo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, hilo nililijua. Nikamuuliza kama kinauma.

"Apana," akasema. "Haiume ata kidogo."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kidonda cha namna ile kisipouma, mguu umeshaanza kuondoka. Nikamwambia lazima aonwe na daktari, si wiki ijayo. Akatazama ukuta.

"Papa anasema tutaangalia tukirudia Louisville."

"Lini?"

"Kisha Columbus. Kule nyumba inawaka moto."

Nyumba iliyowaka moto ilikuwa ya yule mwanafunzi. Mkewe alikuwa amesema anataka kuondoka, na Msimamizi alikuwa na haraka ya kwenda kuuzima.

Nilimkuta kwenye kempa akipanga vikombe. Sikukaa.

"Papa, mguu wa Mama unaoza."

"Sukari iko naye myaka mingi. Anajua kuikala nayo."

"Watamkata."

Alikausha kikombe polepole. "Mama Neema, sikia. Kule kuko ndoa inakufa. Mguu iko na dawa ku hospitali zote. Ndoa ikikufa, dawa yake iko wapi?"

"Ndoa hiyo ikifa," nikasema, "watu wawili watatafuta nyumba mbili. Mama hatapata mguu mwingine."

Alikiweka kikombe kabatini, akafunga kabati. "Kesho asubui tunaenda," akasema, kama vile aliyesema alikuwa upepo tu.

Asubuhi aliwasha injini mapema ili ipate moto. Mama Msimamizi alikuwa jikoni kwangu, ameketi, mkoba mapajani, ndala ileile mguuni. Nilikuwa namfungia chapati za njiani, na kusema kweli nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyopokea simu ya kuambiwa mguu umekatwa gotini. Yeye akasema, bila kunitazama:

"Mama Neema, wasimamizi yetu sisi balikufaka. Kule Uvira. Bote wawili."

"Pole, Mama."

"Donc, kama mwanamuke anatoka ku nyumba yake, na wasimamizi yake balikufa, anaenda kwa nani?"

Mkono wangu ulisimama juu ya chapati. Nilielewa anachoniuliza, na nilielewa kwamba mtoto wa ndoa hamsimamii mzazi wa ndoa, haijawahi kuonekana. Nikamjibu hata hivyo. "Atakuja kwangu."

"Bon," akasema. "Nimekuya."

Mume wangu alikuwa mlangoni na alisikia yote. Maskini, ambaye sijawahi kumwona akiwahi kazini, siku ile alichukua koti lake akawahi. Nilibaki na Mama, na nje honi ilianza kulia.

Msimamizi aliingia bila kubisha. Aliona mkoba mapajani na akanyoosha mkono kumshika mkewe begani amwinue. Nikaingia katikati.

"Papa, mke akishatoka nyumbani hafuatwi hivyo. Anaombwa."

Kama ningekuwa nimetoa kisu nadhani angeshangaa kidogo tu, lakini nilikuwa nimetoa sheria yake. Alivuta kiti, akaketi, akafunga kifungo cha koti. Akaanza kuomba, na alikuwa fundi wa maneno, sitamnyima hilo. Alieleza walivyovuka ziwa usiku wa vita, walivyolala kambini chini ya karatasi moja ya plastiki, jinsi ambavyo hajawahi kumwinulia mkono. Yote yalikuwa kweli. Hakutaja mguu mahali popote.

Alipomaliza nikamgeukia Mama, kama inavyotakiwa. "Umesikia, Mama. Unasema nini?"

"Nakatala kupanda," akasema.

Injini ilikuwa bado inaunguruma nje. Mimi nilingoja Msimamizi afoke. Badala yake alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nani atanisomea njia?"

Sikuelewa kwanza. Kumbe mzee hakuweza kuvisoma vibao vya barabarani. Kusoma kwake kulikuwa kwa Biblia, polepole, kwa kidole. Maandishi ya Kiingereza yanayopita kwa mwendo ule yalimshinda. Simu za kuelekeza njia zilikuwepo, ila zilisema Kiingereza cha haraka, na yeye hakutaka kuamrishwa na mwanamke asiyemjua. Miaka yote hiyo Mama alikuwa ameketi pale mbele akimsomea kila kona, kutoka Louisville mpaka mlangoni kwangu. Ningepaswa kumwonea huruma. Sikumwonea. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba habari ya mimba yangu ilifika Columbus kwa sababu huyu mama alisoma kibao. Nikamgeukia kwa hasira, na nikaona kwamba alilijua hilo kabla yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

Mama alimfundisha mumewe njia palepale mezani, kwa namba za barabara kuu. "Unafuata tisini mupaka Cleveland. Ukiona Cleveland, unatafuta sabini na moja. Unaikala ku sabini na moja mupaka Columbus." Akamwambia ayarudie, naye akayarudia. Akakosea Cleveland. Akayarudia tena.

Angeweza kubaki. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu huko Louisville wanasimulia kwamba nilimtenga na mke wake. Kitanda kilikuwepo, waya wake bado ulikuwa dirishani, na hospitali ni mwendo mfupi. Nilimwambia, "Baki, Papa, twende naye." Alisimama akanyoosha koti. Akasema watu wa Columbus wanamngoja. Kisha akachomoa waya, akaukunja vizuri, akaondoka.

Asubuhi hiyohiyo nilimpeleka Mama hospitali. Walimlaza, wakakata kidole kimoja, na mguu ukabaki. Daktari alisema tungefika siku chache baadaye asingeuokoa. Nililia kwenye maegesho ya magari, kisha nikafuta uso nikarudi ndani.

Siku Mama aliporudi kwangu kutoka hospitali, simu ikalia. Alikuwa mke wa yule mwanafunzi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza mbele za watu. Alikuwa ameweka spika, nilisikia kijiko kikigonga kikombe na kikohozi ninachokijua. Alisema Msimamizi yupo nao siku kadhaa sasa. Amekuwa akiwaeleza habari za subira. Amewaambia Mama ameumwa kidogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa abaki Buffalo apumzike.

"Ni kweli, dada?" akauliza. "Mama alipewa ruhusa?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na kila kitu: harufu, vibao, Cleveland, yale machozi. Ningevimwaga vyote pale mezani kwao mbele yake, na ningefurahi. Lakini Mama alikuwa amenyoosha mkono kutoka kwenye kochi, mguu wake umefungwa bandeji juu ya mto. Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, na kule Columbus kijiko kikanyamaza.

"Apana, mwanangu," akasema. "Sikumuomba. Nilishuka."